Kuziandikia programu za residensi Marekani kuomba mahojiano: maoni yangu

Oktoba ikifika, madaktari wachanga wa nyumbani Kenya huanza kunitumia swali lile lile. Nimetuma maombi ya residensi (mafunzo ya ubingwa yanayotolewa na programu za hospitali) Marekani, wiki zinapita, sijaitwa mahojiano hata na programu moja. Je, niwaandikie? Kuna walioambiwa kwamba kuandika ni kujishusha hadhi. Kuna waliouziwa orodha ndefu ya anwani za wakurugenzi na kuhimizwa wawatumie wote barua moja. Mimi niliyapitia haya nikiwa daktari wa hospitali ya kaunti, na leo niko ndani ya programu ya magonjwa ya ndani ambako naona barua hizo zikiingia. Jibu langu ni kwamba uandike, mradi una jambo ambalo faili yako haisemi.

Fahamu kwanza kinachotokea upande wa pili. Mwishoni mwa Septemba mfumo wa ERAS, unaopokea maombi ya residensi, huzifungulia programu maombi yote kwa siku moja. Programu yenye nafasi chache inaweza kupokea maelfu ya faili. Hakuna anayeweza kuzisoma zote, kwa hiyo wanaweka vichujio: alama za Step 2 CK (sehemu ya pili ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani), mwaka wa kuhitimu, cheti cha ECFMG (kinachothibitisha sifa za daktari aliyesomea nje ya Marekani), aina ya viza. Tangu Januari 2022 Step 1, sehemu ya kwanza ya mtihani huo, hutoa matokeo ya kufaulu au kufeli tu, na hivyo uzito mkubwa umehamia Step 2 CK. Ukisikia kimya mwezi mzima, huenda hakuna mtu aliyekukataa, kwa sababu hakuna aliyekufungua. Hapo ndipo barua inapofanya kazi. Inampa binadamu mmoja sababu ya kutafuta jina lako na kufungua faili.

Lakini barua haiwezi kubadilisha sheria za programu. Kama tovuti yao inasema hawadhamini viza, usiandike. Kama wanadhamini J-1 (viza ya mafunzo) pekee na wewe unataka H-1B (viza ya kazi), usiandike ukitumaini watalegeza kamba, hasa baada ya Septemba 2025, serikali ya Marekani ilipotangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Na kama wameandika waziwazi kwamba waombaji wasiwasiliane nao kuhusu mahojiano, waheshimu. Kupuuza ombi hilo ndilo jambo la kwanza watakalojifunza kukuhusu.

Sasa, jambo gani linastahili barua? Ukishatuma fomu ya ERAS, sehemu kubwa yake haibadiliki tena. Makala yako ya utafiti ikikubaliwa na jarida mwezi Oktoba, fomu haitajua. Cheti cha ECFMG kikitoka Novemba, huenda faili yako ilishachujwa kabla hakijaonekana. Matokeo ya Step 2 CK yakitoka baada ya kutuma maombi, ni wewe unayepaswa kuingia kwenye mfumo na kuagiza yatumwe upya kwa kila programu. Nimeona barua nzuri ikitaja alama mpya, mratibu akafungua faili, akakuta alama hazipo, akaendelea na kazi nyingine. Tuma alama kwanza, hakikisha zimefika, ndipo uandike.

Jambo lingine linatuhusu sana sisi Wakenya, nalo ni pengo. Mmarekani akiona umehitimu, kisha miezi mingi mitupu kabla ya internship (mafunzo kazini baada ya chuo), anadhani kuna kitu unaficha. Hajui kwamba ulikuwa nyumbani ukisubiri Wizara ya Afya ikupangie hospitali. Hajui kuhusu mgomo wa madaktari wa 2024 uliochukua siku 56. Wala hajui kwamba medical officer (daktari ambaye bado si bingwa) katika hospitali ya kaunti huendesha wodi usiku kucha, huzalisha kwa upasuaji, na hupeleka wagonjwa mahututi kwa ambulensi akiwa pembeni yao. Anachoona ni mwaka wa kuhitimu unaozidi kurudi nyuma. Sentensi mbili zinazoeleza pengo hilo bila kulalamika zina thamani kuliko aya nzima ya kusifu programu. Mwambie ulifanya kazi gani, wapi, wodi yenye vitanda vingapi, na kwamba mpaka sasa unaona wagonjwa kila siku.

Uhusiano wa kweli na programu pia ni sababu halali. Dada yako anaishi mji huo, ulifanya mafunzo ya wiki kadhaa katika hospitali hiyo, au mmoja wa madaktari wao amefanya utafiti pamoja nawe Eldoret au Kisumu. Programu nyingi zinahofia kupoteza nafasi ya mahojiano kwa mtu asiye na nia ya kwenda kuishi mji mdogo wenye theluji. Ukionyesha kwa nini wewe utaenda, umewaondolea shaka hiyo.

Kuna pia ishara, zile alama za upendeleo unazoziambatanisha na maombi. Katika magonjwa ya ndani, msimu wa 2025 kila mwombaji alikuwa na 3 za dhahabu na 12 za fedha. Programu ambayo hukuipa ishara itajiuliza kwa nini unawaandikia sasa. Kwa maoni yangu, anza na zile ulizozipa ishara ambazo bado zimekaa kimya. Hao barua yako inawakuta tayari wanajua unawapenda. Kwa wengine, uwe na sababu nzito.

Mwandikie mratibu wa programu, na mkurugenzi umnakili tu. Mratibu ndiye anayepanga ratiba, ndiye anayejua nani amejitoa jana, na kwa kweli ndiye anayekumbuka majina. Mwite kwa jina lake lililo kwenye tovuti, kwa heshima ile ile unayompa daktari mkuu. Kwenye kichwa cha barua weka jina lako kamili na namba yako ya AAMC (inayokutambulisha kwenye ERAS) ili asihangaike kukutafuta. Barua yenyewe isizidi mistari minane. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini maana yake iwe namna hii:

"Mimi ni mwombaji wa magonjwa ya ndani, namba yangu ni hii. Tangu nitume maombi nimepata cheti cha ECFMG, na alama zangu za Step 2 CK sasa zinaonekana kwenye faili. Miezi kati ya kuhitimu na internship nilikuwa nikisubiri kupangiwa hospitali na serikali. Tangu hapo nimefanya kazi mfululizo katika wodi ya wanaume yenye vitanda 40. Kliniki yenu ya wahamiaji wanaozungumza Kiswahili ndiyo sababu niliwapa ishara ya dhahabu, kwa kuwa ningeweza kuwahudumia bila mkalimani tangu siku ya kwanza. Ningefurahi sana mkifikiria faili yangu nafasi ikipatikana. Asante kwa muda wako."

Usidai kliniki ambayo haipo. Miji kama Columbus na Minneapolis ina jamii kubwa za watu kutoka Afrika Mashariki, na zipo hospitali zinazohitaji kweli lugha zetu. Soma tovuti yao mpaka ujue unachosema.

Kuhusu wakati, ningeandika mara moja kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, wimbi la kwanza la mialiko likishapita. Mara ya pili ni Desemba, na iwe tu kama una habari mpya. Kipindi hicho waombaji wenye mialiko mingi huanza kujitoa, na mratibu hutafuta wa kujaza pengo la wiki ijayo. Aliyeandika vizuri mwezi uliopita anakumbukwa. Usipige simu. Ofisi hiyo mara nyingi ina mtu mmoja tu, na simu yako inamkuta akiwa katikati ya siku ya mahojiano.

Na ukishaandika, kaa tayari kujibu. Mwaliko ukitoka saa tisa mchana New York mwezi Oktoba, Nairobi ni saa nne usiku. Ukitoka California saa hiyo hiyo, kwetu ni saa saba usiku. Nafasi huweza kujaa ndani ya dakika chache. Weka mlio wa pekee kwa barua pepe za programu, nunua bando la kutosha, na ukiwa zamu mwombe mwenzako unayemwamini akuangalizie. Kumbuka pia kwamba Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, basi tofauti na New York inakuwa saa nane badala ya saba. Mahojiano ya saa mbili asubuhi kwao yanakuwa saa kumi jioni kwetu, muda ambao stima mtaani huwa haina uhakika. Nenda mahali penye jenereta.

Baada ya mahojiano, asante fupi inatosha. Ukitaka kuiambia programu kwamba ndiyo chaguo lako la kwanza, iambie moja tu, na iwe kweli.

Mambo hubadilika wiki ya Match, yaani wiki ya matokeo ya nani amepata programu gani, mwezi Machi. Jumatatu ukipata habari kwamba hukupata nafasi na ukaingia kwenye SOAP (mzunguko wa kugombea nafasi zilizobaki), kanuni za NRMP, shirika linaloendesha Match, zinakukataza kuwasiliana na programu yoyote kabla haijakutafuta yenyewe. Katazo hilo linamhusu pia mjomba, mwalimu wako, au rafiki aliyeko Marekani anayetaka kukupigia debe. Waambie mapema wasipige simu.