Mwanangu, ile fomu usiijaze kama mimi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku, asubuhi nikairudia. Umeniuliza kitu kimoja tu, kwamba Alhamisi unaanza CBT, ile tiba ya mazungumzo ya kuyachunguza mawazo na mazoea yako, kwenye hiyo kliniki binafsi, siku ya kwanza watakufanya nini na ujiandae vipi.

Siku ya kwanza haina makubwa. Mtakaa na mtaalamu karibu saa nzima kwenye viti, mnatazamana, hakuna cha kulazwa kwenye kochi. Atakuuliza kinachokusumbua ni nini, kilianza lini, unalala vipi, unakula vipi, kuna dawa unatumia. Atakuuliza pia kama umewahi kuwaza kujidhuru, hapo usishtuke, wanauliza kila mtu, na swali lenyewe halimtii mtu wazo kichwani. Atakwambia mnayoongea ni siri isipokuwa akiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini. Basi.

Ila kabla ya yote hayo kuna uwezekano mkubwa utapewa fomu, na hapo ndo nataka tukae kidogo.

Mimi nilipoanza tiba hiyohiyo, zangu zilikuwa mbili, moja ya maswali 9 ya huzuni, nyingine maswali 7 ya wasiwasi. Zinauliza wiki 2 zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kitu fulani, unajipa 0 mpaka 3, yaani 0 hakuna kabisa, 3 karibu kila siku. Kalamu ilikuwa imefungwa uzi pale mezani. Nikaandika 0 mpaka chini. Zote mwanangu, mpaka ile ya usingizi, na usiku wake nilikuwa nimekaa macho mpaka kunakucha.

Na hiyo ilikuwa siku 4 tu baada ya lile kofi. Najua unalikumbuka, na najua hatujawahi kuliongea vizuri. Baba yako alikuwa ameshatutoka mwaka mzima, wewe una miaka 16, ulisema utarudi saa 1, simu yako ikazima, ukaingia saa 3 viatu vya mpira umeshika mkononi, mmeshinda mechi. Mimi kwa hayo masaa mawili nilikuwa nimeshakuzika. Nilishafika kwenye nguo ya kukuvisha. Nikafungua mlango nikakuzaba kofi, na kicheko kilikuwa bado kipo mdomoni kwako, macho ndo yalitangulia kubadilika. Hayo macho bado nayaona.

Sasa mtu ametoka kwenye hilo anaenda kuandika sifuri. Nilihisi nikiandika 3 wataninyang'anya mtoto. Kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu, nasema niko sawa, nimechoka tu. Cha nne yule mtaalamu wangu akaniwekea fomu zangu mbele akasema taratibu, hizi sifuri na mikono yako haviendani. Nikatazama, nilikuwa nimeisokota leso imekuwa kamba. Nikalia, ndo tukaanza.

Karatasi haidanganywi, nimekwambia mara ngapi hili. Mdomo unaweza kuzunguka kwa aibu, lakini ukiidanganya karatasi, mtaalamu anatibu mtu ambaye hayupo. Au labda nakosea, labda vile vikao vitatu nilivihitaji ili nimzoee, mtu humfungukii mgeni siku ya kwanza... Hapana. Nilijichelewesha, na wewe uliishi na mimi nikiwa vile wiki tatu zaidi. Lakini sisemi umwage kila kitu Alhamisi. Kunyamaza si kudanganya. Sema "hilo bado siwezi", ataliacha, mtalirudia.

Baada ya hapo kazi kubwa utaifanya nyumbani. Aaron Beck, yule daktari wa akili Mmarekani aliyeianzisha tiba hii miaka ya 1960, aliona wagonjwa wake wana mawazo yanayopita haraka yenyewe na hawayahoji, wanayaamini tu. Kwa hiyo utapewa karatasi ya kuyakamata. Yangu ilisema: hapokei simu. Wazo: amekufa. Naamini asilimia 95. Afu ushahidi wa kuunga, ushahidi wa kupinga. Na siku moja nikapewa jaribio, ukitoka nisikupigie mpaka saa 3. Simu nikaifungia kwenye droo ya chumbani, nikakaa na mapigo ya moyo yangu. Saa 2 na nusu ukaingia, unauliza chaja iko wapi. Chaja! Nikaenda kuandika huku mkono unatetemeka kwa furaha. Wiki iliyofuata nilirudi asilimia 80, nisikufiche, haishuki kwa mstari mmoja, na siku za mwanzo unaweza hata kujisikia vibaya zaidi.

Ya kliniki binafsi ni machache. Muulize amesomea wapi na amesajiliwa wapi, anakadiria vikao vingapi (mara nyingi ni kati ya 6 na 20, kila wiki au kila baada ya wiki 2), na ukiahirisha kwa kuchelewa unalipa au hulipi, wengi wanalipisha. Msipoelewana baada ya vikao kadhaa mwambie, kubadilisha mtaalamu si kosa.

Kuhusu kazi yako uliyoitaja mwishoni, hukuniuliza niseme uache au ubaki. Jibu ninalo. Nimeliandika mara mbili nikafuta. Saa 5 usiku bosi anapiga simu ya nini... basi, nimenyamaza, hilo utalifikisha mwenyewe kwenye kile kiti.

Alhamisi ukitoka usijilazimishe kunipigia. Simu yangu itakuwa kwenye droo mpaka saa 3.

Mama yako