Wasomaji Wanauliza: TLD na Vitu Vinavyomezwa Kando Yake

Barua nyingi safari hii zinahusu TLD, kile kidonge kimoja cha siku chenye tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri (DTG) miligramu 50. Ndicho wanachopewa watu wazima wengi wanaotumia ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU), Uganda. Majibu yameandaliwa na meza yetu ya afya.

Mimi ni dereva wa trela, natoka Malaba kwenda Juba. Saa yangu ya dawa ni saa tatu usiku, ila kuna siku nafika Elegu nimechoka, nalala bila kumeza, nakumbuka kesho yake mchana. Usiku nimeze viwili? Tena saa ya Juba iko nyuma ya yetu kwa saa moja. – Dereva, Malaba

Viwili kwa mpigo, hapana. Ukikumbuka mchana, meza hapo hapo, na usiku saa tatu meza kingine kama kawaida. Ila ukikumbuka jioni, zikiwa zimebaki chini ya saa nne kufika saa yako, kilichokupita kiache, ungoje saa tatu. Saa moja ya Juba isikusumbue hata kidogo, DTG haiishi kwenye damu upesi hivyo. Balaa ni kukosa siku tatu au nne mfululizo, halafu tena mwezi ujao. Dawa inapungua mwilini bila kwisha, virusi vinaanza kuzaana katikati ya dawa hiyo haba, na vile vinavyoweza kuivumilia ndivyo vinavyobaki. Usugu huanzia hapo.

Ndugu dereva, kama usiku ndio unaokuangusha, hamia asubuhi. Meza cha usiku kama ulivyozoea, kesho yake asubuhi meza kingine, kisha uendelee na asubuhi. Pengo hilo fupi la mara moja halina neno. TLD haidai chakula, unaweza kuimeza kabla hata ya chai. Na kwa kuwa DTG huwanyima baadhi ya watu usingizi, huenda ukalala vizuri zaidi.

Kopo lisikae juu ya dashibodi. Dawa hii inatakiwa ikae pasipozidi nyuzi joto 30, na kebini iliyoegeshwa juani hupita hapo mapema sana. Tunajua pia kwamba wengi humwaga vidonge kwenye kavera (mfuko wa plastiki) kwa sababu kopo hulia na utingo anasikia. Kavera halizuii unyevu. Kile kipakiti kidogo kilichomo ndani ya kopo ndicho kinachonyonya unyevu, kwa hiyo kisitupwe. Ukitaka usiri, chukua kikasha kidogo kikavu chenye kifuniko cha kubana, weka vidonge vya safari tu pamoja na vya wiki moja ya ziada kwa ajili ya foleni za mpakani, na kopo libaki nyumbani. Kama hali yako imetulia, omba kliniki ikupe dawa ya miezi mitatu au sita. Kadi yako ya kliniki uwe nayo garini, ili ukikwama upate kuhudumiwa kituo kingine.

Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamenipa fefo (vidonge vya kuongeza madini ya chuma) na kalsiamu, na kiungulia kinanitesa, natafuna vile vidonge vyeupe vya dukani. Mama mkwe ananiletea mumbwa. Vyote nameza asubuhi pamoja na TLD ili nisisahau. Kuna ubaya? – Mama mtarajiwa, Mukono

Ubaya upo, dada, na ni mojawapo ya makosa yanayotokea sana kwa sababu hayana dalili yoyote. Husikii kitu, hutapiki, ila dawa haiingii mwilini ipasavyo. Madini ya chuma, kalsiamu, magnesiamu na alumini hushikana na DTG tumboni, na ikishashikwa hivyo sehemu yake kubwa hutoka na choo.

Dawa hizi hazifuati kanuni moja. Fefo na kalsiamu zinaweza kumezwa pamoja na TLD ukiwa unakula mlo, kwa sababu chakula husaidia dawa ipenye. Tumbo likiwa tupu, zitenganishe. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au alumini ni vikali zaidi, chakula hakiviwezi. Hapo TLD itangulie, ungoje angalau saa mbili ndipo utafune cha kiungulia. Ukianza na cha kiungulia, ngoja saa sita kabla ya TLD. Kwa mtu mwenye vitu vingi kama wewe, ni rahisi zaidi hivi: TLD saa moja asubuhi, kalsiamu pamoja na chakula cha mchana, fefo usiku. Kiungulia kikizidi, mwombe mkunga omeprazo, ambayo haigongani na DTG.

Mumbwa ni udongo uliochanganywa na mitishamba, na udongo una alumini na chuma. Ukimezwa pamoja na TLD unaweza kuleta shida ile ile, na mitishamba iliyomo hakuna aliyeipima. Tungekushauri uuache. Usitafute maneno ya kumkwepa mama mkwe peke yako, mwambie mkunga, naye atamkataza kwa sauti ya kliniki.

Naumwa TB na nimeanza dawa zake. Wameniongezea kidonge kidogo cha jioni, wanasema ni DTG ile ile. Si nimeshaimeza asubuhi? – Msomaji, Kisenyi

Umeimeza, lakini rifampisini iliyo ndani ya dawa za TB hulifanya ini liivunje DTG haraka kuliko kawaida. Ile ya asubuhi peke yake haifiki kesho ikiwa na nguvu. Kwa hiyo TLD moja asubuhi, na DTG ya miligramu 50 saa 12 baadaye, kila siku. Hapa watu hukosea mara mbili. Wa kwanza huacha kidonge cha jioni wakidhani wameandikiwa kimakosa. Wa pili hukiacha siku ile ile wanapomaliza dawa za TB. Endelea nacho wiki mbili zaidi, kwa sababu ini huchukua muda kurudi kwenye mwendo wake.

Nina sukari, nameza metformini ya 850 mara mbili kwa siku. Sasa nimeanza TLD. – Mzee, Jinja

Mzee wetu, shikamoo. DTG huzuia metformini isitoke mwilini kwa kasi yake, hivyo hujaa kwenye damu. Kipimo kisizidi miligramu 1000 kwa siku, na wewe uko kwenye 1700. Usipunguze mwenyewe. Rudi wiki hii kwa anayekutibu sukari ukiwa na makopo yote mawili, apange upya na kupima figo. Kuharisha na kichefuchefu kisichoisha ni dalili ya kuwahi hospitali. Vilevile DTG yenyewe huwapandishia baadhi ya watu sukari, na hilo limeonekana hapa Uganda. Na goti likiuma, meza paracetamol. Diklofenaki ya mfululizo pamoja na tenofoviri huchosha figo.

Kipimo kimesema virusi havionekani. Niendelee kumeza za nini? – Mbale

Havionekani kwenye damu kwa sababu unameza. Vingine vimejificha ndani ya seli ambako dawa haivifikii, na ukiacha, kwa watu wengi vinarudi ndani ya wiki chache. Ukiwa katika hali hiyo humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana, nayo hudumu ukiendelea na dawa. Tena kama una homa ya ini aina ya B, tenofoviri na lamivudini zinaitibu hiyo pia. Kuziacha ghafla kunaweza kuliwasha ini vibaya.

Mwanangu ana miaka mitatu, kilo 12. Vidonge vyake vya DTG natia kwenye uji, anabakiza nusu bakuli. – Mama, Arua

Uji ukibaki, dawa imebaki, na hujui ni kiasi gani. Vya watoto ni vya miligramu 10 na vimetengenezwa viyeyuke. Kwa kilo 12 ni viwili, mara moja kwa siku. Viweke kwenye kikombe kidogo chenye maji safi ya kunywa, kiasi cha vijiko viwili vya chai, koroga hadi visionekane vipande, mnyweshe ndani ya nusu saa. Kisha suuza kikombe kwa maji kidogo, anywe na hayo, maana dawa nyingi huganda chini. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe tena. Uji mpe baadaye, uwe zawadi yake.

Kama na abakaviri, dawa nyingine ya VVU, imo kwenye dawa zake na katika wiki sita za mwanzo akapata homa pamoja na vipele au kupumua kwa shida, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Wakiamua ni mzio wa abakaviri, asipewe tena maisha yake yote. Na apimwe uzito kila mnapokwenda kliniki: akifika kilo 14, DTG yake inakuwa viwili na nusu.