Kabla ya kununua tokeni mpya, tafuta mlango wa kutokea

Machi 2022 nilikuwa ndani ya matatu pale Githurai, tunangoja gari lijae, nikafungua pochi yangu ya kripto kwenye simu. Tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, niliyoinunua kwa shilingi 35,000 ilikuwa inasoma 112,000. Nikaamua kuuza nusu nimlipie mdogo wangu karo. Nikabonyeza, yakatokea maandishi mekundu: muamala umekataliwa. Nikaongeza ada ya muamala. Ukakataliwa tena. Tulipofika Pangani nilikuwa nimejaribu mara tisa, na bei bado inapanda.

Ilikuwa inapanda kwa sababu hakuna aliyeweza kuuza. Nilikuja kulielewa hilo baada ya jirani yangu anayeandika programu kunifungulia mkataba wa ile tokeni, yaani programu inayoiendesha, na kunionyesha mistari iliyoruhusu anwani moja tu (namba ya pochi moja) kuuza: ya mwenye mradi. Sisi wengine tulikuwa wa kuingiza tu. Rafiki aliyenialika hakuwa tapeli. Naye alikuwa ameweka pesa za duka lake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtego huo haukuwa mpya. Novemba 2021 tokeni iitwayo SQUID ilipanda ikapita dola 2,800, kisha ikaanguka karibu na sufuri ndani ya dakika chache. Kabla ya hapo wanunuzi walikuwa wakilalamika hadharani kwamba kuuza hakuwezekani. Ningesoma malalamiko yale, karo ingelipwa.

Tangu siku ile, mtu akiniletea mradi mpya siulizi utapanda hadi wapi. Nauliza pesa zinatokaje. Nachukua anwani ya mkataba kutoka ukurasa wa mradi wenyewe, kamwe si ile inayotumwa kwenye kikundi cha Telegram, kwa kuwa jina la tokeni yeyote anaweza kuliiga. Kama iko kwenye mtandao wa Ethereum naiweka Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala ya mtandao huo. Kama ni mtandao wa BNB, BscScan. Huko kuna orodha ya wanaoishikilia, kuanzia mwenye nyingi. Hapa usikimbilie kuhukumu: anwani ya kwanza inaweza kuwa ya soko kubwa linalowatunzia wateja, au ile ya kuteketezea tokeni ambayo hakuna awezaye kuifungua. Lakini ukikuta anwani ya mtu asiyejulikana imeshika nusu ya tokeni zote, jua kwamba siku akiuza, bei haitakungoja.

Halafu natazama bwawa la kubadilishia, yaani zile pesa halisi zilizowekwa ili wanaouza walipwe. Je, zimefungiwa, na hadi lini? Kama mwanzilishi anaweza kuzichota leo usiku, utabaki na tokeni zako zote na asiwepo wa kuzinunua.

Nikiridhika, nanunua kwa shilingi mia tano na kuuza papo hapo. Jaribio hili lina thamani, ila lisikulaze usingizi: baadhi ya mikataba humruhusu mwenyewe kubadilisha masharti baadaye, na ada ya mauzo ikaruka ghafla hadi ikameza kila kitu. Kwa hiyo muulize anayejua kusoma msimbo kama mwenye mradi bado ana mamlaka hayo.

Na faida inayoahidiwa inatoka wapi? Anchor, mradi wa kuweka akiba na kukopa kwenye mtandao wa kripto wa Terra, iliwapa waweka akiba karibu asilimia 20 kwa mwaka. Waliokopa hawakulipa riba ya kutosha kulibeba deni hilo; mfuko wa akiba wa mradi wenyewe ndio uliokuwa ukiziba pengo. Mei 2022 Terra ilianguka. Waraka wa mradi usiposema wazi nani anailipa hiyo faida, naufunga hapo hapo. Waraka wa Bitcoin wa mwaka 2008 una kurasa tisa tu, na unaeleza kila kitu kinavyofanya kazi.

Wengine watakuambia sasa tuna sheria. Kweli, Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Lakini inahusu leseni za wanaotoa huduma hizo. Haikuhakikishii kwamba tokeni iliyozaliwa juzi ni safi.

Jumapili iliyopita dada mmoja wa chama chetu alikuja kwangu Kasarani na simu mkononi, yuko tayari kutuma 20,000 kabla ya saa sita usiku, eti bei itafungwa. Tukafungua orodha pamoja mezani. Anwani moja ilikuwa na asilimia 71, na bwawa halikufungiwa hata siku moja. Alinyamaza kitambo, akaisogeza orodha juu chini kwa kidole. Nikamwomba aipige picha na kumtumia aliyemwalika, maana yule naye tayari alikuwa ameshaweka zake.