Marekani ku vakansi: chagua upande moja kwanza

Barua juu ya Marekani zimekuwa mingi mwezi huu, na karibu zote zinauliza kitu moja: muji gani, bahari gani, mwezi gani. Nimechagua ine. Ile ya Mama Mapasa nimeipatia nafasi kubwa juu najua kuko familia mingi hapa Lubumbashi zenye ziko na plani sawasawa na yake.

*Jambo Tantine. Miye na bwana yangu tunaweka makuta tangu zamani juu ya kupeleka batoto ku Marekani, na hii vakansi kubwa tunaona itawezekana, majuma mbili, mwisho wa Julai mpaka mwanzo wa Ogasti. Mapasa yetu beko na miaka kumi na habajaona bahari hata siku moja. Miye nataka New York, papa yabo anataka Los Angeles, na shemeji anasema mutu hajafika Marekani kama hajaona Miami. Tufanye yote tatu? — Mama Mapasa, Kampemba*

Mama Mapasa, jambo sana. Hapana, yote tatu hapana. Kutoka New York mpaka Los Angeles ni karibu kilometa 4,000 mu ndege, yaani zaidi ya mara mbili ya Lubumbashi-Kinshasa, saa sita za kukaa mu kiti, na ukifika kule saa yenyewe imerudi nyuma tena saa tatu. Batoto batakuwa wametoka huku, tofauti ya saa sita na New York, mwili haujazoea bado, na unabaongezea tatu ingine. Majuma mbili inakwisha mu viwanja vya ndege na kufungua na kufunga mavalizi.

Kiisha tuseme juu ya maji, juu batoto banataka bahari na hiyo njo kitu ya kuangalia mbele ya jina ya muji. Watu banaona California ku televizyo, jua, michanga, banafikiri maji ni ya moto. Maji ya Pasifiki kule ni baridi, kuko mukondo wenye unashuka toka kaskazini na maji ya chini yenye baridi inapanda juu, hata mwezi wa Julai karibu na Los Angeles inafika digri 19 ao 20 hivi, na San Francisco ni mubaya zaidi, kule Julai batu banavaa jaketi juu ya ukungu. Miami ni kinyume, maji inafika karibu digri 30, batoto batapenda, lakini Julai na Ogasti kule mvua na radi inapiga karibu kila mangaribi, na juu ya ile kuko vimbunga. Musimu ya vimbunga ya Atlantiki inaanza tarehe 1 Juni na inaisha 30 Novemba, na mubaya zaidi ni kuanzia katikati ya Ogasti mpaka Oktoba. Nyinyi mutakuwa mbele kidogo ya ile kipindi, haimaanishi kitatokea, lakini mutu mwenye amelipa oteli yenye hairudishe makuta anapashwa kujua.

Mawazo yangu: mubaki upande wa mashariki, katikati. Ethiopian inatoka Luano, inapita Addis Abeba, na kutoka Addis iko na ndege ya kufika Washington. Basi anzeni na Washington, na msiiogope juu ni muji ya ba serikali, kwa familia njo muji yenye inakula makuta kidogo kabisa kwa vitu vya kuona, juu mizeo ya pale ya Smithsonian, kundi ya mizeo ya taifa, ni bure, yote, hata zoo ni bure, na tangu 2025 batu banaona panda tena pale. Ku mizeo ya ndege batoto bataona ile ndege yenyewe ya 1903 ya ndugu Wright, batu wa kwanza kurusha ndege ya moteri. Ile ya historia na utamaduni ya Waamerika weusi, yenye ilifunguliwa 2016, muipatie siku nzima, muanzie chini kabisa penye historia ya utumwa na mupande kidogo kidogo. Kwa zile zenye batu mingi banapenda, munakamata saa yenu mbele ku intaneti, hailipwe. Na tangu 2022 metro inafika mpaka ku uwanja wa ndege wa Dulles, haina lazima ya taksi.

Kutoka Washington mpaka New York ni kilometa 360 hivi, treni inafanya saa tatu na nusu. Busi inachelewa lakini bei yake ni nusu ao chini ya nusu. Tiketi ya treni inapanda kadiri siku zinakaribia, basi mukamate mapema. Ku New York kuko bato ya Staten Island, ni bure kabisa, inapita mbele ya sanamu ya Uhuru, dakika 25 kwenda, na batoto bataiona vizuri wakikaa upande wa kuume wakati wa kwenda. Kuna batu kule banauzisha tiketi ya bato ku barabara, achana nabo. Kiisha kuko Coney Island: munapanda metro D, F, N ao Q mpaka mwisho, kama saa moja kutoka Manhattan, kwa bei ile ile ya metro, munashuka, bahari iko pale. Plaje ni bure.

Lakini kama unataka batoto balale karibu na bahari siku tatu ine, wasikie mawimbi usiku, mimi ningechagua Ocean City ya Maryland, saa tatu ya gari kutoka Washington. Plaje iko na kilometa 16, ni bure, na kuko barabara ya mbao ya kutembea ya karibu kilometa 5 yenye michezo na vyakula. Angalia vizuri wakati wa kukamata oteli, juu kuko Ocean City ingine ku New Jersey, muzuri nayo, lakini kule wakati wa joto mutu analipa juu ya kuingia ku plaje. Mwende siku ya kazi, jumatatu mpaka alhamisi, ijumaa na posho bei inaruka.

Sasa hii isome na papa yabo, juu njo inanihangaisha kuliko yote. Batoto ya huku hata wenye banajua kuogelea balijifunza mu pisini. Bahari inavuta. Mawimbi yakifika ku michanga, maji inatafuta njia ya kurudia, inajikusanya mu mufereji moja na kutoka nayo kwa nguvu kuelekea ndani, na mutu mwenye eko pale anaenda nayo. Ukisimama ku michanga unaweza kuiona: fasi moja kati ya mawimbi yenye inaonekana imetulia, mawimbi haivunjike pale, maji iko na rangi ya michanga, povu inaenda upande wa bahari. Mugeni anaona ile njo fasi salama, anapeleka mutoto pale pale. Ikimukamata mutu, asipigane nayo kurudia moja kwa moja, atachoka, anapashwa kuelea, kuinua mukono, kuogelea kandokando ya pwani mpaka atoke mu mufereji, kiisha arudie. Muogelee paka mbele ya balinzi wa plaje, na muulize kwanza juu ya bendera: nyekundu ni hatari, nyekundu mbili ni kufungwa kabisa. Na kabla batoto baingie, muonyeshe mapasa na kidole fasi ya mlinzi na mpaka wapi.

Juu ya makuta. Bei yenye iko ku kitu mu duka siyo yenye utalipa, kodi inaongezwa wakati wa kulipa, New York ni karibu asilimia 9. Ku restora munaongeza ya mutumishi, asilimia 15 mpaka 20, kule siyo zawadi, mushahara yake imehesabiwa hivyo. Oteli nayo inaongeza kodi na mara mingi inafunga makuta fulani ku karti yako mpaka utoke, basi uende na karti ya benki yenye inafanya kazi kule, kashi peke yake haitoshi. Na viza: dola 185 kwa kila mutu, nyinyi ine ni 740, hairudishwe hata wakikatala, na maojiano ni ku ambasade Kinshasa, kwa hiyo uhesabu na ndege ya Kinshasa na fasi ya kulala. Usinunue tiketi ya Marekani mbele ya viza. Ambasade yenyewe inasema hivyo, na mama, hata mutu akuambie eko na njia, usimupe hata franka moja.

Asiransi ya magonjwa ya safari musiiache. Mukono wa mutoto ukivunjika kule, fakturi inaweza kupita bei ya vakansi nzima.

*Tantine, mimi niko mu pansio, nilitumika mu migodi miaka mingi. Mutoto yangu ya mwanaume anaishi Houston na anataka nifike. Nasema kifaransa, kingereza kidogo sana. Plaje hainiambie kitu. Nataka kuona fasi batu yetu balishukishwa wakati wa utumwa. — Papa wa kwartie Kenya*

Papa, heshima yako. Barua yako imenifurahisha sana, na jibu iko karibu na mutoto yako: New Orleans. Kutoka Houston ni kilometa 560 hivi, anaweza kukupeleka na gari mu saa tano ao sita. Uombe akupeleke siku ya yenga, na mangaribi ile muende ku Congo Square, mu kwartie Tremé. Njo jina yake kabisa. Wakati wa utumwa, batu balikuwa na ile siku ya yenga peke yake, banakusanyika pale, banapiga ngoma, banacheza, banauzisha vitu vyao, na mu 1817 wakubwa wa muji balikataza makusanyiko ya batumwa fasi ingine yote isipokuwa pale. Hata leo siku ya yenga batu banafika na ngoma. Papa ya huku akisimama pale, hakuna mwenye atamufasiria kitu.

Kiisha kuko shamba ya zamani ya Whitney, saa moja ya gari, yenye ilifunguliwa kwa batu mu 2014 na inaeleza maisha ya batumwa wenyewe, siyo ya ba patro. Mashamba mengine ya ule upande banakuonyesha sana viti na sahani ya wenye mali, usipoteze siku yako kule. Kifaransa utaiona ku majina ya barabara na ku majengo, lakini kuisema mu muji ni batu kidogo, mutoto akae karibu nawe.

Kama nguvu iko na makuta iko, fasi ya pili ni Charleston, ku South Carolina, uende na ndege. Batumwa mingi sana balishukiaka pale, na sehemu kubwa yabo balitoka upande wa Kongo na Angola. Mu 1739, karibu na muto Stono, batumwa balisimama na silaha, na bahistoria kama John Thornton banaonyesha kwamba viongozi balitoka mu ufalme wa Kongo, Wakatoliki, batu wenye balijua vita. Mizeo ya International African American Museum ilifunguliwa 2023 pale pale ku bandari ya zamani ya Gadsden, penye meli zilikuwa zinashusha batu. Na ku soko ya muji bamama wa Gullah, uzao wa batumwa wa ule upande, banasuka vitunga vya majani, ufundi yenye imetoka Afrika na haijapotea.

Mwezi: usiende Julai ao Ogasti, joto na unyevu ya kule itakuchokesha, na vimbunga njo vinakaribia. Mwisho wa Oktoba na Novemba ni muzuri.

*Tantine tunaoana mwezi wa pili. Lune de miel tunataka bahari ya moto na kuendesha gari sisi wawili tu. Miaka 27 na 26. — Fiancé, kwartie Golf*

Mupongezi! Februari chagua Florida ya kusini, California mu ule mwezi ni ya kuangalia tu, maji ni baridi kabisa. Mushuke Miami, mukamate gari, mushuke mpaka Key West. Barabara ya visiwa iko na kilometa 182 na madaraja 42, moja yake ni ya karibu kilometa 11 bahari huku bahari kule. Ilijengwa penye reli ya zamani yenye kimbunga ya 1935 iliharibisha, na ilifunguliwa 1938. Adresi za kule zinafuata nguzo za maili, mutu atakuambia restora iko ku maili 37, na pale pale ku 37 njo iko parke ya Bahia Honda, plaje muzuri kuliko zenye ziko Key West yenyewe. Mulale njiani usiku moja, musikimbize.

Gari: banapita kuume sawa huku, lakini volan iko kushoto, na wewe kama umezoea gari ya Japani ya volan kuume, fanya mazoezi kwanza mu parkingi. Permi ya hapa na ile ya kimataifa, zote mbili. Mwenye eko chini ya miaka 25 analipishwa zaidi, nyinyi mumepita. Februari ni musimu ya batu kukimbia baridi, kwa hiyo oteli ziko bei, mukamate sasa.

*Jambo Tantine, kazi inanituma Chicago katikati ya Juni na nitabakiza siku tatu. Nikamate ndege niende wapi juu ya kuona bahari? — Dada wa Bel-Air*

Dada yangu, baki Chicago. Bahari haina, lakini ziwa Michigan iko pale katikati ya muji, ng'ambo yake hauione, kilometa mraba 58,000 hivi wakati Tanganyika yetu iko na karibu 33,000, hata kama kwa urefu wa kwenda chini Tanganyika inaipita mbali sana, metre 1,470 kwa 281. Maji haina chumvi, Juni ingali baridi, utaingiza miguu na utatoka, lakini plaje ni bure na zinafunguliwa tangu mwisho wa Mei. Shuka ku metro Clark/Division, tembea upande wa mashariki dakika kumi na kidogo, utafika Oak Street, na pale kuko njia ya miguu ya kilometa 29 yenye inafuata ziwa, tembea upande wa kaskazini mpaka North Avenue. Siku ingine panda bato ya ku muto, ile yenye banaeleza magorofa. Beba swita, upepo ya ziwa haina mchezo.