Maswali ya wasomaji: trekta kuukuu na malori ya zamani

Barua nyingi safari hii zinauliza kifaa gani kinunuliwe. Karibu zote tumezijibu kwa kurudi nyuma hatua moja na kuuliza ni nini kilichoharibu kile cha kwanza. Kifaa kipya kikifungwa bila chanzo kuondolewa, nacho kitakufa vilevile.

Nimepata Massey Ferguson 135 iliyokaa nje zaidi ya miaka kumi. Injini haizunguki hata kidogo. Naambiwa niiweke gia ya tatu, nifunge mnyororo na kuivuta mpaka iachie. Ni sawa?

Usiivute. Trekta ikivutwa kwa mnyororo, uzito wake wote unaingia kwenye krankshafti, shafti kuu ya injini, kwa mpigo mmoja. Ringi zilizoganda huvunjika, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti) hupinda, silivu (ukuta wa silinda) hupasuka, na kama kuna valvu iliyokwama wazi, pistoni inaigonga. Injini ambayo ingeokolewa kwa subira unaimaliza mwenyewe.

Kwanza hakikisha kilichokwama ni pistoni. Weka gia huru. Fungua stata uitoe, kwa sababu pinyoni yake, yaani gia yake ndogo, ikinasa kwenye meno ya flaiwili, injini nzima husimama. Legeza mkanda wa feni uone kama pampu ya maji na dainamo vinazunguka kwa mkono. Halafu ifikirie pampu ya nozeli. Pampu ya kampuni ya CAV aina ya DPA ina rota, sehemu ya ndani inayozunguka, inayokaa kwa nafasi finyu mno, na dizeli iliyochanganyika na maji huigandisha humo ndani. Ukilazimisha injini izunguke huku rota imeganda, unakata shafti yake ya kuendeshea. Itenge kabla ya kutumia nguvu yoyote.

Baada ya hapo toa nozeli zote tatu. Fungua kifuniko cha juu na utoe shafti ya roka ili valvu zote zijifunge. Gonga kila shina la valvu taratibu kwa nyundo ya plastiki. Linapaswa kushuka na kurudi juu lenyewe. Lisiporudi, limeganda kwenye gaidi yake (tundu linaloliongoza), na ukizungusha injini na roka zikiwa mahali pake pushrodi, fimbo inayosukuma roka, itapinda.

Sasa mimina kilainishi kwenye matundu ya nozeli, mililita 50 hadi 100 kwa kila silinda. Mchanganyiko unaotumiwa na wengi ni asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Unapenya vizuri kuliko dizeli tupu, ila asetoni hushika moto upesi na kuruka upesi, kwa hiyo kazi ifanyike penye hewa, mbali na cheche, na uongeze kila baada ya siku moja au mbili. Ipe injini wiki. Kama silinda moja inakausha kilainishi haraka na nyingine zinakihifadhi, andika ni ipi: ringi zake hazizibi au ukuta wake umeliwa na kutu.

Wiki ikiisha, weka spana kwenye bolti ya puli ya krankshafti na mkono wa kurefushia wa karibu mita moja. Usikaze upande mmoja mpaka kitu kikatike. Sukuma kidogo, rudisha kidogo. Ukiona puli imesogea hata milimita moja, kazi imekwisha nusu: endelea kuipeleka na kuirudisha, ongeza kilainishi, na umbali utakua. Isiposogea kabisa baada ya wiki mbili tatu, fungua silinda hedi. Hapo utaona mstari wa kutu mahali maji yalipokaa. Usafishe kwa msasa laini kabla ya kuigusa pistoni, kisha gonga pistoni kwa kipande cha mbao ngumu, si kwa chuma.

Injini ikishazunguka, bado usiiwashe. Kilainishi kilichobaki juu ya pistoni hakishindiliki kama hewa, kwa hiyo nozeli zikirudishwa na stata ikapigwa, konrodi inapinda. Izungushe kwa mkono mizunguko kadhaa nozeli zikiwa nje mpaka matundu yasirushe kitu. Mwaga oili yote ya chini. Mara nyingi maji hutangulia kutoka. Weka oili na filta mpya, rudisha roka na upime tepeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu: injini hii ya Perkins AD3.152 inataka milimita 0.30 ikiwa baridi. Kabla ya kuruhusu dizeli, vuta kizimio (wenzo wa kukata dizeli) na upige stata mpaka geji ya oili ipande. Siku ya kuwasha, awepo mtu ameshika ubao bapa karibu na mdomo wa hewa. Injini ya dizeli ikianza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, kizimio hakiwezi kuisimamisha. Dawa ni kuinyima hewa, kwa ubao na si kwa kiganja.

Trekta yangu inawaka vizuri, inafanya kazi dakika chache, kisha inazima kama imeishiwa mafuta. Tangi limejaa. Nimeshabadilisha filta mara mbili.

Huenda filta hizo mbili ndizo zinazoingiza hewa. Filta za CAV za aina ya kopo zina ringi za mpira juu na chini, na ndogo kwenye bolti ya katikati. Mafundi wengi hubadilisha kopo na kurudisha mpira wa zamani, au huweka mpya juu ya wa zamani uliogandamana mahali pake usionekane. Toa zote, safisha mifereji, paka dizeli kidogo kwenye mipira mipya, kisha ufunge.

Kinachowapoteza watu ni kutafuta mahali panapovuja dizeli. Kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta mafuta, bomba likiwa na ufa halidondoshi kitu injini inapofanya kazi, linavuta hewa. Nje pakavu, ndani mapovu. Ili kuona, weka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kwanza kabla ya filta, kisha baada yake. Mapovu yakionekana tayari kabla ya filta, chanzo kiko nyuma: bomba, nati, washa ya shaba au kiwambo cha pampu ndogo. Yakionekana baada ya filta tu, ni filta.

Kabla hujafungua chochote, jaribu jambo moja rahisi. Injini ikizima, fungua kifuniko cha tangi haraka. Ukisikia mvumo wa hewa ikiingia, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba.

Kutoa upepo kuna mpangilio wake, na ukiuruka unajichosha bure. Anza na skrubu ya juu ya filta. Pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila povu, funga huku ukiendelea kupampu. Halafu skrubu ya chini kwenye mwili wa pampu ya nozeli, kisha ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini. Mwisho fungua akselereta hadi mwisho, legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, piga stata kwa sekunde 10 hadi 15, ukaze dizeli inaporuka. Kama mkono wa pampu ndogo unacheza bila uzito wowote, huenda haijafa: kemu imeisukuma hadi mwisho wake. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili, ujaribu tena.

Ferguson TE20 yangu inatembea vizuri lakini mikono ya nyuma hainyanyuki. Fundi anataka kufungua pampu ya haidroliki.

Mzuie kwanza. TE20, iliyotengenezwa Coventry kati ya mwaka 1946 na 1956, pampu yake ya haidroliki inaendeshwa na shafti ileile ya PTO, yaani ile ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta. Wenzo wa PTO usiposhikishwa, pampu haizunguki. Ukikanyaga klachi nayo inasimama. Waliozoea trekta za baadaye huona huu ni ubovu, lakini ndivyo ilivyoundwa.

Kama wenzo umeshikishwa na bado hainyanyuki, chomoa kijiti cha kupimia. Giaboksi, difu na haidroliki vinatumia oili moja, kwa hiyo kinachovuja kwenye ekseli kinainyima pampu. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, aghalabu kupitia mpira uliochanika kwenye shina la gia. Mwage kwa kufungua plagi zote za chini, siyo moja tu, maana kuta za ndani hubakiza maji katika vyumba vyake. Mikono ikinyanyuka lakini inadunda juu chini na mzigo, hapo ndipo pa kushuku valvu za pampu na ringi za pistoni ya kunyanyulia.

Dainamo ya lori langu haichaji tangu nilipobadilisha betri. Ninunue oltaneta?

Angalia kwanza betri ilivyofungwa. Magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo yana chanya kwenye bodi, si hasi. Betri ikigeuzwa, mabaki ya sumaku ndani ya dainamo hupoteza mwelekeo. Rudisha betri ilivyokuwa, chomoa nyaya mbili za dainamo, kisha gusisha waya kutoka upande wa betri usio wa bodi kwenye tundu la F (la koili ya sumaku ya dainamo) kwa sekunde moja, mara mbili tatu. Ukiona cheche ndogo, imeshika. Rudisha nyaya mahali pake upime tena.

Lori letu la breki za upepo likilala usiku, asubuhi geji iko sifuri. Likitembea linafunga breki, ila upande mmoja unachelewa. Tubadilishe kompresa?

Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kompresa huenda haina hatia kwa yote mawili.

Kuhusu uvujaji: weka kabari kwenye magurudumu, jaza upepo hadi mwisho, zima injini, mtu akanyage breki na kuishikilia. Kwa lori lisilo na tela, geji ikishuka zaidi ya psi 3 kwa dakika, yaani takribani bar 0.2, ni nyingi mno. Pita na maji ya sabuni kwenye kila unganisho, kila mpira, na tundu la kutolea upepo la valvu ya mguu. Kisha aachie breki, upite tena. Kinachovuja breki ikiwa imekanyagwa tu kiko kati ya valvu ya mguu na chemba, kopo la upepo linalosukuma breki ya gurudumu. Kinachovuja wakati wote kiko upande wa matangi.

Kuhusu upande unaochelewa: pima fimbo ya chemba inatoka umbali gani breki ikikanyagwa. Kwa chemba ya aina ya 30 mwisho ni inchi 2, karibu milimita 51. Zaidi ya hapo nguvu inapungua ghafla, hata kama lainingi ni mpya. Slaki ajasta ya mkono, yaani mkono wa kurekebisha nafasi ya breki, ikazwe mpaka lainingi iguse drami, kisha irudishwe robo hadi nusu mzunguko. Gurudumu lazima lizunguke huru ukiwa umelinyanyua.

Mwageni maji ya matangi kila siku. Yakitoka na oili nyeupe nzito, hapo ndipo kompresa inahusika: ringi zake zimelika na zinapitisha oili. Na chemba yenye springi ya breki ya kuegesha msiifungue kamwe. Springi iliyo ndani imebanwa kwa nguvu inayoua. Ibaneni kwa bolti yake maalumu, mtoe chemba nzima, muweke nyingine.

Rimu za vipande vingi: kuna hatari gani kama tairi tayari halina upepo?

Hatari ni kudhani halina. Toa kiini cha valvu na upitishe waya mwembamba ndani kabla ya kulegeza nati hata moja, na kwa magurudumu pacha fanya hivyo kwa matairi yote mawili. Pete ya rimu inayoshikilia tairi, ikiwa imeliwa na kutu au imepinda, haifai kunyooshwa wala kuchomelewa, itupwe. Kujaza upepo kufanyike ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kibanio, wewe ukiwa umesimama kando na kamwe si mbele ya pete. Zaidi ya hayo, malori mengi ya Kiingereza yana nati za kushoto zinazofunguka kwa kuzungushwa kinyume. Soma herufi iliyo kwenye mwisho wa stadi kabla ya kurefusha mkono wa spana.

Nataka kuondoa kutu kwenye boneti na vipande vidogo bila kuvipiga mchanga.

Tumia umeme. Kwenye beseni la plastiki weka maji na magadi ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Kipande chako kifungwe kwenye hasi ya chaja ya volti 12, na kipande cha chuma cha kawaida kwenye chanya, visigusane. Ukivigeuza, boneti ndiyo itakayoliwa. Kwenye chanya usitumie chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa kromiamu yenye sumu, na usitumbukize aluminiamu. Springi na bolti ngumu zisiingie, kwa sababu haidrojeni huzifanya zikatike kirahisi. Gesi hiyo pia hulipuka, hivyo fanyia kazi nje na uzime chaja kabla ya kuondoa klipu.

Kipande kikitoka kitakuwa na tope jeusi. Kisugue kwa brashi, kisuuze, kikaushe mara moja kwa joto, na praima ya epoksi ipakwe siku hiyohiyo, kwani chuma kitupu huanza kutu ndani ya saa chache. Kibati cha namba ya trekta kiondoe kabla ya yote na ukiweke mbali na beseni. Namba iliyofutika hairudi, na ndiyo inayokuwezesha kuagiza vifaa vya mwaka sahihi.