Re: Kwa nini programu yangu inasema 2147483647 si namba tasa?

Mkuu, salama. Umesema programu yako ya Java inajibu sawa kwa namba ndogo, ila ukiipa 2147483647 inakaa kimya kisha inasema si tasa. Ni tasa kabisa. Mwanahisabati Euler alishalithibitisha hilo mwaka 1772, bila mashine.

Kwanza angalia sharti la mzunguko (loop), yaani sehemu inayojirudia kujaribu kila kigawanyo i cha namba yako n. Hujaweka programu yote, lakini kama umeandika i*i <= n na vyote ni int (aina ya namba kamili yenye ukomo), kosa liko hapo. 2147483647 ndiyo namba kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye int. 46340 ikizidishwa yenyewe bado inaingia. I ikifika 46341 jibu linageuka -2147479015, na hasi haiwezi kuizidi n. Mzunguko hausimami: i inapanda mpaka inalingana na n, baki ya n ikigawanywa kwa i inakuwa 0, basi programu inadhani imepata kigawanyo. Vijana ninaowafundisha tuisheni hapa Mwenge hunaswa palepale. Andika i <= n / i, au tumia long, aina inayobeba namba kubwa zaidi.

Ukitaka kuhakikisha kwa mkono, inawezekana, na mimi naipenda zaidi njia hii. Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Kwa hiyo tasa yoyote ya kuigawa lazima ibakize 1 au 63 ikigawanywa kwa 248. Ya kwanza ya aina hiyo ni 311: gawa, unabaki na 35. Hadi 46340, yaani hadi kipeuo cha pili cha namba yako, za kujaribu hazifiki 400.

Ikigoma tena, weka programu nzima hapa.