Nyota nyekundu katikati ya Nge

Umeuliza kama ile nyota nyekundu katikati ya Nge, lile kundinyota lenye umbo la nge, ni Mirihi. Hapana, si Mirihi. Hiyo ni Antares, moyo wa Nge. Waarabu huiita Qalb al-Aqrab, maana yake ni hiyohiyo. Itazame vizuri: pembeni yake, huku na huku, kuna vinyota viwili hafifu vinavyoisindikiza, na haviachani nayo mwaka mzima. Mirihi ni sayari, huhama wiki hadi wiki.

Kosa lenyewe la kuzichanganya hizi mbili ni la zamani. Hata jina Antares ni la Kigiriki, "mshindani wa Ares", na Ares ndiye mungu wa vita ambaye Warumi walimwita Mars, jina la Mirihi kwa lugha za Kizungu. Wekundu wa Antares unatokana na ubaridi wa uso wake ukilinganishwa na Jua, ingawa ni jitu: iko umbali wa miaka ya nuru 550 hivi, na ingewekwa mahali pa Jua letu ingeimeza hata njia ya Mirihi.

Ila angalia, kila baada ya miaka miwili hivi Mirihi hupita jirani yake kweli. Ukiona nyekundu mbili, inayometameta zaidi ndiyo Antares.

Kuhusu Orion, yule mwindaji wa hadithi za Kigiriki ambaye naye ni kundinyota, kisa chake na Nge ninachokipenda mimi ni kile cha majigambo: alitamba kwamba ataua kila mnyama, Gaia, mungu wa kike wa Dunia, akamtuma nge amuume. Ndiyo maana Nge akichomoza mashariki, Orion anazama magharibi. Jaribu kuwatafuta wote wawili juu sana angani kwa pamoja, hutawapata.